Ng'ombe hutoka wenyewe zizini

Ndugu msikilizaji, kama umewahi kupita Karatu mwezi wa Mei, unafahamu kwamba huo ni mwezi wa ukungu na mifuko mitupu. Masika yanaelekea ukingoni, baridi imeingia, na watalii ni wachache. Magari yaliyozoea kupanda kila alfajiri kuelekea lango la Lodoare, kuingia Ngorongoro, yameegeshwa, na madereva wake wamekaa barazani wanakunywa chai. Mtu mwenye kazi hana muda mrefu wa kuzungumza mpira. Asiye na kazi, tena chai iko mkononi, huyo ni kocha.

Mimi nilifika hapo mwezi huo, mwaka 2025, kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta mji mzima una jambo moja tu. Jumamosi ya tarehe 17 Simba ilikuwa imefungwa mabao 2-0 na RS Berkane, huko huko Berkane, Morocco, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Marudiano yalipangwa Jumapili ya tarehe 25, tena siyo Dar es Salaam bali Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, baada ya Shirikisho la Soka Afrika kutoridhika na hali ya eneo la kuchezea la Uwanja wa Benjamin Mkapa. Katikati ya michezo hiyo miwili kulikuwa na wiki nzima. Kwa wiki nzima Karatu ilikuwa inajadili swali moja: Simba watazuia vipi?

Najua utaniuliza. Timu imefungwa mawili, inahitaji mabao, sasa hao watu wanajadili kuzuia kwa sababu gani? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo siku ya kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, mwenye kofia ya sufi na fimbo, akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokosa jedwali la saba, akaanza kuchora kwenye udongo.

Alisema hivi. Wasipotufunga hata moja, sisi tukipata mawili tunakwenda kwenye penalti, na tukipata matatu kombe ni letu. Lakini wakitufunga moja tu, hesabu yote inageuka. Tukishinda 3-1 tunakuwa tatu kwa tatu, na wao wana bao la ugenini, basi kombe linakwenda Morocco. Kwa hiyo tutahitaji manne. "Yaani," akasema Mwalimu, "kabla hawajafunga, mawili yanatuokoa. Wakishafunga moja, hata matatu hayatutoshi. Sasa niambie, kijana, kazi ya kwanza ni kufunga au ni kutofungwa?"

Nilikaa chini, nikaagiza chai.

Baraza lile lilikuwa mbele ya sehemu ya kuoshea magari, kando ya barabara kuu. Walikuwa wanakuja watu wa kila aina. Madereva, kama nilivyosema. Wanunuzi wa vitunguu wanaotoka Mang'ola kwenye mashamba ya kandokando ya Ziwa Eyasi. Vijana wa bodaboda. Wazee wa Kimaasai walioshuka kutoka Ngorongoro kuja kutafuta unga, maana ndani ya hifadhi hairuhusiwi kulima. Simba walikuwepo, Yanga walikuwepo, na walikuwepo wale wanaojiita hawana timu, ambao kwa uzoefu wangu ndio wenye kelele kuliko wote.

Kambi zilikuwa tatu, na nitakueleza kila moja ilivyosimama, maana hoja zake zilikuwa na akili.

Kambi ya kwanza iliongozwa na dereva mmoja mnene aliyesema kocha Fadlu Davids aweke mabeki watatu tu nyuma, na Shomari Kapombe na Mohamed Hussein, yule tunayemwita Tshabalala, wapande juu wawe kama mawinga. Hoja yake ilikuwa kwamba beki wa pembeni anayekaa nyuma katika mchezo wa namna hiyo ni mshahara wa bure. Ukimpandisha, winga wa Berkane atalazimika kurudi kumfuata, na winga anayerudi nyuma hawezi kukufunga. Kwa maneno yake, "zuia kwa kumtia mwenzako kazi." Wakamuuliza, je, wakinasa mpira wakati wote wawili wako juu? Yule Oussama Lamlioui aliyetufunga la pili kule kwao atabaki na nani? Dereva akajibu kwamba atabaki na Mungu, na kipa Moussa Camara. Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Kambi ya pili ilikuwa ya wanunuzi wa vitunguu. Hawa walitaka namba sita wawili wasimame mbele ya mabeki na wasiondoke hapo, hata nyumba ikiungua. Timu icheze polepole, iende mapumziko ikiwa na bao moja au hata bila bao, kisha itafute la pili katika dakika 30 za mwisho wakati Wamorocco wamechoka. Mnunuzi mmoja aliniambia, na nilimwelewa, kwamba mtu wa vitunguu anajua kungoja. Ukiuza siku bei iko chini, kwa sababu tu jirani yako ameuza, umekwisha.

Kambi ya tatu ilikuwa ya vijana wa bodaboda, na wao walitaka mtu kwa mtu uwanja mzima, kuwakaba Berkane kuanzia kwenye boksi lao wenyewe, ili mpira usifike kabisa upande wetu. Hii ndiyo mbinu nzuri kuliko zote kwa mtu anayetazama televisheni. Inahitaji mapafu ya farasi na wachezaji 11 wenye akili moja, na bado ukikosea mara moja, nyuma yako pana uwanja mtupu.

Mimi, kama ulikuwa unataka kujua, nilikuwa upande wa vitunguu.

Nifungue mabano hapa kidogo. Kijana mmoja alipotamka "beki tatu", akina mama waliokuwa wanauza maandazi jirani waligeuka wakafuatilia, kwani kwetu beki tatu ni msichana wa kazi za ndani. Mama mmoja akasema kama Simba wanataka beki tatu wamwulize yeye, kwani tangu mwaka uanze ameshabadilisha wanne na hakuna aliyeweza kuzuia hata watoto wasile sukari. Nafunga mabano.

Walipochoka kupanga wachezaji walianza kuleta ushahidi. Upande wa kushambulia walimleta Al Masry wa Misri. Katika robo fainali Simba ilifungwa 2-0 kule Misri, ikarudi Dar es Salaam tarehe 9 Aprili ikashinda 2-0, ikavuka kwa penalti 4-1. Ni deni lile lile, wakasema, na tumeshalilipa mara moja. Upande wa kuzuia wakamleta Stellenbosch. Katika nusu fainali Simba ilishinda bao moja tu Zanzibar, la Jean Charles Ahoua, kisha ikaenda Durban ikakaa dakika 90 bila kuruhusu kitu, 0-0, ikaingia fainali. Kila mtu alikuwa na mechi yake mfukoni, na kila mechi ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba huenda hatujaligusa jambo lenyewe.

Siku ya tatu utani uliingia. Karatu ni nchi ya Wairaqw, na Wairaqw na Wamaasai wana historia ya siku nyingi, ambayo leo wanaisimulia huku wakicheka ingawa zamani haikuwa ya kuchekesha. Dereva mmoja Mwiraqw alisema babu zake walikuwa mabeki kabla Simba haijazaliwa. Walikuwa wakichimba nyumba ndani ya mteremko wa kilima, paa wanalifunika udongo mpaka linalingana na ardhi, majani yanaota juu yake. Wamaasai waliokuja kutafuta ng'ombe waliweza kupita juu ya paa wasijue kwamba chini yao kuna familia na mifugo imenyamaza kimya. "Hiyo ndiyo kupaki basi," akasema. "Simba wachimbe."

Mzee wa Kimaasai kutoka Endulen, aliyekuwa amekaa pembeni siku zote tatu bila kusema kitu, alicheka mpaka akajifuta macho kwa lubega. Kisha akauliza kwa upole, "Na hao babu zako, wakiwa humo chini, walipata ng'ombe wa nani?"

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Mwalimu akagonga fimbo yake chini na kusema hoja hiyo ina alama zote. Ukichimba shimo hufungwi, ndiyo, lakini hupati mawili.

Ndipo mzee akaombwa aseme yeye angezuia vipi. Akasema hajui mpira vizuri, anausikia kwenye redio na kuuona kwa watu, lakini anajua kuzuia simba. Hapo tena kelele, kwa sababu safari hii simba alikuwa adui na nusu ya waliokuwepo walikuwa wamevaa jezi zake. Alingoja watulie.

Alisema watu wa mjini wakiona boma la Kimaasai na ule uzio wa miiba, wanadhani miiba imewekwa ili simba asiingie. Simba akitaka kuruka ataruka. Lakini simba mzoefu hapendi kuingia mahali penye watu, mikuki na moto. Anazunguka nje usiku, upande ule unaotoka upepo, ili ng'ombe wapate harufu yake, na pengine ananguruma. Ng'ombe wakishikwa na hofu wanasukumana, wanavunja uzio kutoka ndani, wanatawanyika gizani. Huko nje ndiko anakowangoja. "Miiba ile," akasema mzee, "ni ya kumzuia ng'ombe asitoke." Na mlinzi mzuri, kwa maelezo yake, ni yule kijana ambaye usiku huo huo wa kelele anabaki katikati ya ng'ombe akiwaita na kuwaimbia taratibu mpaka watulie. Anayekimbia na mkuki kwenda gizani kutafuta sifa ameacha ng'ombe peke yao.

Hakuna aliyejibu mara moja. Dereva mnene alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakwisha.

Msikilizaji, mimi nilirudi nyumba ya wageni usiku ule nikaanza kuzipitia kichwani fainali za klabu zetu nilizozishuhudia, nikiangalia tu ni wakati gani ng'ombe walitoka.

Ya kwanza niliisikia kwenye redio nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Novemba 1993, Simba na Stella ya Abidjan, Kombe la CAF. Mchezo wa kwanza Simba ilikwenda Ivory Coast ikatoka 0-0. Wazee wetu walisema kazi imekwisha, ngumu ilikuwa kule. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwepo uwanjani Dar es Salaam siku ya marudiano, na inasimuliwa hadi leo kwamba wachezaji walikuwa wameahidiwa magari. Walifungwa 2-0 nyumbani, mbele ya watu wao. Boli Zozo, jina ambalo watoto wa mtaani kwetu waliligeuza kuwa tusi kwa miaka, ndiye aliyetufunga. Nakumbuka mtangazaji alivyonyamaza. Katika redio, kimya cha sekunde tatu ni kirefu kuliko hotuba. Simba wale walikuwa na mabeki wale wale waliozuia Abidjan. Ugenini, ambako kila mtu alikuwa na hofu, walikaa pamoja. Kilichowatoa zizini nyumbani, kwa maoni yangu, ilikuwa sherehe iliyowahi.

Ya pili ni ya Yanga, Mei 2023, Kombe la Shirikisho, na USM Alger ya Algeria. Mashabiki wa Yanga wa Karatu walinikatalia kuizungumza, nami nawaelewa. Uwanja wa Mkapa umejaa. Aymen Mahious anafunga dakika ya 32. Yanga inasukuma, inasukuma, na dakika ya 82 Fiston Mayele anasawazisha. Unakumbuka ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Dakika ya 84, nikiwa bado juu ya kile kiti, Islam Merili anafunga la pili. Tarehe 3 Juni Yanga ikaenda Algiers ikafanya kazi ya wanaume, ikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban. Jumla 2-2. Kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Hesabu ya Mwalimu, neno kwa neno. Dakika mbili zile baada ya bao la Mayele ndizo ziligharimu kombe, na katika dakika mbili zile Yanga ilikuwa na idadi ile ile ya mabeki iliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Na ile ya Berkane yenyewe, tarehe 17? Mamadou Lamine Camara dakika ya 8, Lamlioui dakika ya 14. Baada ya hapo Simba ilicheza zaidi ya saa nzima ugenini bila kufungwa tena. Kwa hiyo ukuta ulikuwepo. Robo saa ya kwanza, katikati ya zile kelele za Wamorocco, ndiyo iliyouvunja.

Kesho yake nikapeleka hesabu yangu barazani nikitegemea sifa. Waliisikiliza, kisha wakarudi kwenye mabeki watatu. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeacha kazi akasogea. Ni kijana aliyekuwa akiosha magari pale, mrefu, mwenye aibu, ambaye wenzake walikuwa wakimwita Geti. Nilidhani ni jina la sifa. Nikaja kujua ana timu ya kijiji kimoja upande wa Rhotia na alikuwa akicheza namba tano, na kwamba jina hilo walimpa kwa sababu geti ni kitu kinachofunguliwa.

Alinieleza akiwa ameshika dasta, bila kunitazama usoni. Walikuwa wanacheza mechi ya mwisho ya ligi yao ndogo. Wako nyuma bao moja, dakika za mwisho wakasawazisha. Timu nzima ilikimbia kushangilia kwenye kibendera cha kona, mpaka namba nne, mpaka kipa. Walirudi wakiwa wanahema, wengine bado wanacheka na mashabiki. Refa akapuliza, wapinzani wakaanzisha mpira, pasi moja ndefu, na yeye akajikuta peke yake na washambuliaji wawili. Alimfuata mmoja. Akafunga mwingine. Wakalikosa kombe.

"Wote waliona mimi nimepitwa," alisema. "Hakuna aliyeona kwamba nilikuwa peke yangu." Tangu siku ile hakuvaa viatu vya mpira. Ilikuwa imepita miezi minne. Kocha wake alikuwa amemfuata mara mbili, na mama yake alikuwa amemwambia heri aache, kwani hata kanisani watu walimwita jina lile.

Nilimwuliza kama yeye angepanga vipi Simba wa Jumapili. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko walivyofikiri makocha wote wa baraza lile. Akasema mabeki wanne au watatu kwake ni sawa. Ila wakipata bao, Kapombe asiende kushangilia. Yeye na mabeki wa kati wabaki kwenye mstari wa katikati, wazungumze, kila mtu amtaje kwa sauti mtu anayemkaba, kabla mpira haujaanzishwa. Hivyo tu.

Sijasikia mchambuzi wa studioni akisema jambo la maana kuliko hilo, na mimi ni mmoja wao.

Jumapili tuliingia kibanda umiza, kile chenye mabenchi ya mbao na mabati yanayovuja. Mzee wa Endulen alikuja pia, lakini alituaga mapema kwamba hatamaliza, kwani gari linalompandisha linatakiwa kupita Lodoare kabla ya lango kufungwa saa 12 jioni. Alikaa mbele.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Kibanda kiliruka. Benchi letu lilianguka, na mtu ambaye simjui alinikumbatia shingo. Katikati ya vurugu ile nikamtafuta yule kijana. Alikuwa ameketi. Alikuwa amesogea mbele kidogo, mikono juu ya magoti, macho kwenye kioo, anahesabu watu wa nyuma. Mzee naye alikuwa ameketi. Wawili tu kati ya watu wapata 100.

Na Simba hawakutoka zizini, msikilizaji. Nawapa haki yao. Walikwenda mapumziko 1-0, hesabu ya Mwalimu ikiwa hai, hesabu ya wanunuzi wa vitunguu ikiwa imetimia kama ilivyoandikwa. Mzee alisimama, akatupa mkono mmoja mmoja, akaondoka kuwahi gari akiwa anatabasamu.

Dakika ya 50 Yusuph Kagoma alipewa kadi nyekundu. Sasa unahitaji bao moja la kufikia penalti, wewe uko 10, na huruhusiwi kufungwa. Hakuna kambi barazani iliyokuwa na mpango wa jambo hilo. Hata hivyo walipigana. Steven Mukwala alitikisa nyavu, kibanda kikaruka tena, kisha video ikatazamwa na bao likakataliwa kwa kuotea. Nadhani pale ndipo moyo ulipokatika, siyo wa wachezaji bali wetu sisi. Watu walianza kuchungulia saa na kutoka mmoja mmoja. Dakika ya tatu ya nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha. Mchezo uliisha 1-1, jumla 3-1, na Berkane wakachukua kombe lao.

Jumatatu asubuhi nilikuwa barazani nikisubiri basi la Arusha. Ukungu ulikuwa mzito hata gari la jirani halionekani. Kesi ilikuwa imeshafunguliwa, na mshitakiwa alikuwa Kagoma. Dereva mnene ndiye mwendesha mashitaka. Alisema kijana ametuuza, ametugharimu kombe, asirudi Msimbazi. Mwalimu alijaribu kuwakumbusha kwamba mabao mawili ya Berkane yaliingia wiki moja kabla ya kadi hiyo, lakini hesabu hazisikilizwi na watu wasiolala. Mnunuzi mmoja wa vitunguu akaongeza kwamba hata lile bao la mwisho lilikuwa kosa la mabeki, walisimama wakitazama kama nguzo.

Yule kijana alikuwa upande wa pili wa gari, anamwaga maji kwenye tairi. Akanyanyua kichwa akauliza bao hilo la mwisho lilifungwa kwa mguu gani.

Mnunuzi wa vitunguu akamtazama dereva. Dereva akasema yeye wakati huo alikuwa ameshatoka nje, kulikuwa na joto. Mwingine akasema alikuwa kwenye pikipiki anaelekea nyumbani, alisikia tu kelele za Yanga. Wa tatu alikuwa dukani anawekewa salio la simu. Tuliulizana mpaka kwenye benchi la mwisho. Kati ya wote waliokuwa wanamhukumu beki asubuhi ile, aliyeliona lile bao alikuwa Mwalimu peke yake, naye alikuwa ameshanyamaza siku nyingi.

Basi langu likapiga honi.